Kushusha tovuti nzima usome bila bando: weka mpaka kwanza, kodi ya programu baadaye

Watu wengi wakisikia kuna laibrari ya kodi (yaani kodi za programu zilizoandikwa tayari na watu wengine) inayoweza kushusha tovuti nzima ikakaa kwenye laptop, hapohapo wanainstoli, wanabandika anwani, enter. Mi nakuomba uanze na karatasi na kalamu. Andika ni peji zipi hasa unazitaka, nani atazisoma na atazisomea kwenye nini, maana kodi yenyewe ni mistari kumi hivi na haimsumbui mtu, kinachokula bando na muda ni mizigo ya mafaili ambayo hakuna atakayeyafungua.

Natunza kompyuta za kituo cha vijana hapa Songea, tunafundisha HTML na Python, na intaneti yetu ni bando la kawaida la simu. Darasa zima likifungua peji ileile kila mtu kivyake ina maana hiyo peji tumeilipia mara nyingi kama walivyo wanafunzi, ndo maana nakala moja iliyoshushwa vizuri kwetu ni hela kabisa, sio mambo ya ufundi tu.

Sasa kabla ya laibrari yoyote angalia kama wenye tovuti wameshakurahisishia. Hapa watu wengi wanaruka na inaniuma. Nenda docs.python.org utakuta ukurasa wa kudownload, zip yenye HTML yote, unaifungua na hata ile sehemu ya kutafuta inafanya kazi bila neti. Django nao wana zip yao. Wikipedia, hata hii ya Kiswahili, ipo kwa Kiwix, mradi wa tangu 2007 wa kusoma tovuti bila neti, unashusha faili moja la ZIM na linafunguka hadi kwenye simu ya Android. Project Gutenberg wao wanasema wazi kabisa tovuti yao ni ya binadamu sio ya roboti (programu zinazofungua peji zenyewe), ukishusha kwa programu IP yako, yaani namba ya intaneti yako, inaweza kufungiwa, na wanaotaka vitabu vingi wamewekewa njia yao. Kwa hiyo mtu anayekaa kuandika kodi ya kushusha Wikipedia peji kwa peji anawachosha bure wenye seva na anajichosha mwenyewe.

Kama hakuna kilicho tayari na tovuti ni ya kawaida tu, jaribu wget kwanza. Ni programu ya GNU ya tangu 1996, unaiandikia amri kwenye terminal, na bado inapiga kazi:

wget --mirror --convert-links --page-requisites --adjust-extension --no-parent --wait=2 ANWANI

Hapo --mirror inafuata linki bila kikomo cha kina, --no-parent inaizuia isipande kwenye folda za juu ya ile uliyoitaja, --convert-links inageuza linki zielekee kwenye mafaili yako, na --wait=2 inapumzika sekunde mbili kati ya ombi na ombi. Kwa tovuti nyingi za masomo hiyo inatosha, usijibebeshe kazi.

Laibrari unaihitaji ukitaka kuamua mwenyewe kipi kiingie kipi kibaki. Mi natumia website-scraper ya Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya brauza. Kuanzia toleo la 5 inataka import, sio require, kwa hiyo faili lako liishie na .mjs:

import scrape from 'website-scraper';

await scrape({
  urls: ['https://mfano.org/somo/'],
  directory: './somo-2025-03',
  recursive: true,
  maxRecursiveDepth: 2,
  requestConcurrency: 2,
  filenameGenerator: 'bySiteStructure',
  urlFilter: u => u.startsWith('https://mfano.org/somo/')
    || u.startsWith('https://mfano.org/static/')
});

Tuanze na urlFilter, yaani kichujio cha anwani, hapo ndo penye kazi. Ile fankisheni inaulizwa kwa kila anwani, yaani sio peji tu, hata CSS (mafaili ya rangi na mpangilio), picha na fonti. Ukiandika mstari wa kwanza peke yake ukaacha ule wa static, maandishi yote utayapata ila peji zitakuja uchi, hazina rangi wala mpangilio, picha zimebaki viboksi vitupu, alafu utadhani laibrari ni mbovu. Dawa yake ni kufungua peji moja kwenye brauza, bonyeza F12, ingia Network, ifungue upya alafu soma majina ya vikoa vinavyopita pale. Picha mara nyingi zinakaa kwenye kikoa kingine kabisa, basi kiandike nacho kwenye kichujio.

Kichujio hichohicho ndo kinakuokoa na kalenda. Tovuti za taasisi nyingi zina kalenda ya matukio yenye kitufe cha mwezi ujao, na mwezi ujao nao una mwezi ujao, roboti haijui kuchoka, itakuletea miaka ambayo hatutakuwepo na kila peji haina kitu. Vilevile anwani zenye ?sort= au ?print=, hizo ni peji zilezile zimevaa jina lingine. Zikatae.

Kuna maxRecursiveDepth na kuna maxDepth, majina yanafanana lakini usizichanganye. Ya kwanza inahesabu kina cha peji tu, yaani hatua ngapi za linki toka peji ya kwanza, picha na CSS za peji ya mwisho zinakuja zote. Ya pili inahesabu kila kitu, kwa hiyo ukiweka 1, peji ya pili inaingia lakini picha zake zinaachwa. Kwa nakala ya kusoma, chukua ya kwanza.

Alafu requestConcurrency, tafadhali usiiache wazi. Usipoiweka laibrari haina kikomo cha maombi ya wakati mmoja, na seva ndogo ya shirika fulani inaweza kulemewa kweli, watu wengine wakashindwa kuingia kwa ajili yako. Ukianza kuona eror 429 ujue unaambiwa umezidisha, punguza. Soma pia robots.txt ya tovuti husika, faili linaloeleza roboti ziingie wapi na zisiingie wapi. wget ikifuata linki inaiheshimu yenyewe, ila kwenye kodi yako hiyo kazi ni ya kwako. Peji za kuingia kwa akaunti achana nazo. Na kama nakala unawapa wengine angalia leseni, kwa mfano maelezo ya MDN (tovuti ya mafunzo ya HTML, CSS na JavaScript) yapo chini ya Creative Commons BY-SA, unaruhusiwa kugawa ukitaja chanzo na kuacha leseni ileile, lakini siyo kila tovuti iko hivo.

Kuna tovuti utashusha upate ukurasa mweupe. Angalia mapema kwa Ctrl+U, inakuonyesha kodi ya peji, kama maandishi unayoyasoma kwenye skrini hayaonekani mle ndani basi yanaletwa na JavaScript, na laibrari ya kawaida haitayaona. Ipo plagini ya website-scraper-puppeteer, inayofungua peji kwa brauza kwanza, ila Puppeteer yenyewe inashusha brauza nzima wakati wa kuinstoli, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa na bando la usiku au kwenye wifi ya mtu.

Ukimaliza usifungue kwa kubofya faili tu, baadhi ya skripti brauza inazikataa zikitoka moja kwa moja kwenye diski. Ingia kwenye folda andika python3 -m http.server 8000. Kwetu kompyuta moja inafanya hivi, ruta haina hata laini ndani, na vijana wanafungua kwa simu zao kwa anwani kama http://192.168.1.10:8000, MB haziguswi kabisa. Peji zikigoma kufunguka angalia firewall (ulinzi unaozuia wanaoingia toka nje) ya ile kompyuta kwanza.

Kuhusu jina la folda, website-scraper inataka folda ambayo haipo bado, ukiipa iliyopo inakataa, kwa hiyo weka mwaka na mwezi kwenye jina kama hapo juu. Nakala mpya ikija, zima data kabisa, ifungue kwenye kompyuta nyingine, bofya linki za peji za ndani kabisa na sio za mwanzo tu, na ile ya zamani usiifute mpaka umeona picha zote zimetokea.