Walimu wapya, kabla hujaanza kutafuta transfa msome Carey Francis

Walimu wapya mnaoripoti shuleni muhula huu karibuni sana kwenye kazi. Mimi nafundisha hesabu, miaka 21 sasa niko na chaki mkononi, na mtu aliyenisaidia zaidi kuielewa hii kazi sikuwahi kumwona kwa macho, alikufa kabla mimi sijazaliwa. Aliitwa Edward Carey Francis. Kama una mzee wako aliyesoma shule za Maseno au Alliance hapa Kenya enzi za mkoloni mtajie tu hilo jina halafu umwangalie anavyojiweka sawa kwenye kiti.

Kwa kifupi, Francis alizaliwa London mwaka 1897, akapigana vita vya kwanza vya dunia kikosi cha mizinga, akarudi akasoma hesabu Cambridge na akafanya vizuri mpaka akawa mhadhiri pale Peterhouse. Hapo mtu ameshafika, si ndiyo? Basi 1928 akaacha yote akaja Maseno chini ya CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, kufundisha vijana wa Nyanza. Hakuoa, hakuwa na watoto, shule ndiyo ilikuwa nyumba yake. Maseno alikaa miaka 12, halafu 1940 akahamia Alliance pale Kikuyu akawa mwalimu mkuu mpaka 1962.

Watu wakimzungumzia huwa wanakimbilia orodha ya wakubwa waliopita mikononi mwake, na kweli ni wengi, Oginga Odinga na Achieng Oneko walikuwa vijana wa Maseno, Alliance walipita kina Ronald Ngala, Paul Ngei, Julius Kiano, Kenneth Matiba, Ngũgĩ wa Thiong'o na wengine wengi tu. Lakini mwalimu mpya ukimpima Francis kwa hiyo orodha utaumia bure, kwa sababu wewe umepelekwa shule ya kutwa yenye madarasa matatu na tanki moja la maji na hakuna waziri utakayemwona pale. Mimi naomba umtazame kuanzia 1962.

Mwaka huo alistaafu Alliance. Miaka 22 ameongoza shule ambayo kila mzazi wa Kiafrika Kenya hii alikuwa anaiota, angeweza kurudi Uingereza akapumzike kwa heshima zote. Yeye akaenda Pumwani, Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida kwenye shule ya sekondari ya pale, si mkuu wa shule, mwalimu tu wa darasani mwenye ratiba yake ya vipindi na madaftari yake ya kusahihisha, chini ya mtu mwingine. Pumwani ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, una Waislamu wengi tangu zamani, na wale vijana wengi walikuwa ni wale ambao Alliance isingewachukua. Akafundisha pale mpaka alipofariki 1966.

Nilipolijua hilo nilikuwa mwaka wa tatu kazini na nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba kuhama mara mbili. Shule yangu ya kwanza ilikuwa mbali na barabara ya lami, mvua ikinyesha matatu hazifiki, na mimi kila nikikaa stafrumu nilikuwa naongea habari za shule kubwa kubwa kana kwamba wale watoto waliokuwa mbele yangu ni kituo cha kubadilishia gari. Na watoto wanajua jamani, mtoto anajua mwalimu ambaye mwili uko darasani roho iko kwenye transfa. Nikajiuliza, huyu mtu ametoka Cambridge akaja Maseno, ametoka Alliance akaenda Pumwani, kila akihama anashuka kwa macho ya watu, mimi napanda kwenda wapi? Barua ya tatu sikuiandika. Nilikaa pale miaka sita zaidi na ndiyo niliyojifunzia kufundisha.

Sasa mambo ya kazi yenyewe. La kwanza ni madaftari, na hapa nitakaa kidogo. Hesabu haifundishwi kwa mdomo, mtoto anaweza kutikisa kichwa kipindi kizima na hajaelewa chochote, ukitaka kujua ameelewa nini fungua daftari lake uone alikosea mstari gani. Ukiweka vema na mkasi tu na kurusha daftari hujasahihisha, umehesabu. Andika pale pale kwenye mstari uliopotea, hapa ulisahau kubadilisha alama, hapa umegawanya upande mmoja tu. Darasa la watoto 60 huwezi kila siku najua, basi chukua madaftari 15 kwa siku, anza na wale wa chini maana wale wa juu watakufuata wenyewe mpaka mlangoni. Imani ya Francis ilikuwa ya ibada na maombi ndiyo, hakuificha, lakini mtu huwezi kuamini kwamba kila mtoto ameumbwa na Mungu halafu ukakaa na daftari lake wiki tatu kwenye kabati.

La pili ni kuwa chini ya mtu. Wengi wenu mtaongozwa na wakuu wa shule ambao mnaona mmewazidi masomo, wengine mmewazidi hata umri. Kumbuka yule mzee wa Pumwani. Kama aliweza kuketi kwenye kikao cha walimu akasikiliza wakati ameendesha Alliance miaka yote ile, na wewe utaweza.

La tatu ni gumu kidogo. Francis hakuwa malaika na sitaki mmfanye malaika. Alikuwa mkali sana, fimbo ilitumika. Alikemea Mau Mau waziwazi, na vilevile hakunyamazia ukatili wa askari wa serikali kwa Wakikuyu wakati wa hali ya hatari, hilo nalo liandikwe. Ila Waafrika kujitawala aliona tunakwenda haraka mno, na baadhi ya vijana aliowapenda na kuwalea ndio walikuja kumpinga kwenye siasa. Kwangu mimi hapo alikosea, alitupenda kama baba anayependa mtoto ambaye hataki akue. Na sisi walimu tuna huo ugonjwa mpaka leo, mtoto akiuliza swali kali tunaona ametukosea adabu.

Na kuhusu fimbo, Kenya ilishapigwa marufuku shuleni tangu 2001 na sheria ya elimu ya 2013 ikakazia, kwa hiyo usije ukasema unafuata nyayo za wazee. Lakini kuna fimbo ya mdomo pia. Mwaka wangu wa pili nilimsimamisha kijana mbele ya darasa nikasoma alama zake kwa sauti, nne kwa mia, darasa likacheka na mimi nikaacha licheke. Hakurudi shule wiki nzima. Nilikwenda kwao Jumamosi kwa miguu, nikamkuta anachunga mbuzi, nikamwomba radhi pale mbele ya mama yake, na mama akanitolea chai bila kusema neno. Jumatatu alikuja. Sijawahi tena kusoma alama za mtoto kwa sauti, na nawaomba nyinyi msianze, maana si kila mtoto atarudi Jumatatu.

Ambao si Wakristo pia haya yanawahusu. Nimefanya kazi na mwalimu wa Kiislamu, maalim wa watu kabisa, anayesahihisha daftari kama anatekeleza faradhi, na tulielewana kuliko nilivyoelewana na wengi niliokaa nao kanisani.

Haya, mliopostiwa mbali kabisa bebeni kalamu nyekundu za muhula mzima, dukani huko mtapata za bluu tu.