Bega linauma na msimu unapita: majibu kwa wavuvi

Wiki chache zilizopita nilitaja kwa kupita tu kwamba mabega mengi ninayoyaona kliniki hapa Kisumu huharibikia majini: watu wanateleza kwenye mawe, wanavuta nyavu, wanarusha mishipi. Kumbe nimechokoza nyuki. Wavuvi wa Dunga wameandika, na wale wanaovua trauti kwa nzi bandia kule Kericho na Mlima Elgon wameandika zaidi, ingawa ni wachache.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona uvuvi huo: trauti ni samaki wa maji baridi ya milimani, Waingereza walianza kumleta Kenya mwaka 1905. Anavuliwa kwa ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu. Ndoana hiyo ni nyepesi mno, huwezi kuirusha ikaenda popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, unapeperushwa nyuma na mbele juu ya kichwa mpaka unyooke. Mvuvi hurudia hivyo asubuhi nzima. Hapo ndipo bega linapolia. Haya hapa maswali yao, kila moja na jibu langu chini yake.

Nina miaka 63, nilistaafu kwenye mashamba ya chai. Mwezi uliopita niliteleza kwenye jiwe mtoni Kiptiget nikaangukia mkono. Eksirei ilionyesha mfupa ni mzima, nikapewa dawa za maumivu. Hadi leo siwezi kuinua mkono kufikia kofia. Nipumzike mpaka lini? (Mzee, Kericho)

Shikamoo mzee. Kupumzika kumetosha, sasa tafuta picha ya pili.

Eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi kano, na kwenye bega kano ndizo zenye kazi. Kifundo hiki kimekaa kama mpira mkubwa juu ya kisahani kidogo, na kinachouzuia mpira usiteleze ni misuli minne midogo inayoukumbatia kwa kano zake. Mtu wa umri wako akianguka na kuangukia mkono, kano mojawapo inaweza kuchanika mfupa ukabaki salama kabisa.

Jaribu hivi nyumbani. Lala chali, shika kiwiko cha mkono mgonjwa kwa mkono mzima, uupandishe polepole. Ukipanda vizuri kwa kusaidiwa, halafu ukisimama huwezi kuupandisha wenyewe au unaanguka ukiuachia, kano inashukiwa. Ukigoma hata kwa kusaidiwa, huenda bega limekakamaa, na hiyo ni habari nyingine. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari, ila litakusaidia kumweleza.

Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti uombe kuonwa na daktari wa mifupa, na umuulize kuhusu ultrasaundi ya bega. Mwambie wazi kwamba kabla ya kuanguka mkono ulikuwa unafanya kazi. Sentensi hiyo ina uzito, kwa sababu watu wengi waliovuka miaka 60 wana kano zilizochakaa au kutoboka bila hata kujua, na picha pekee haiwezi kusema lipi ni la zamani na lipi la juzi. Kano iliyochanika kwa ajali ikiachwa miezi mingi, msuli wake hujikunja na kugeuka mafuta, na hata daktari hodari atapata taabu kuushona.

Sisemi utapasuliwa. Wengi hupona kwa mazoezi peke yake. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo ufanywe mapema, usije ukaamuliwa na kalenda.

Navuta nyavu za omena. Bega limetoka mara tatu mwaka huu, na kila mara mjomba analirudisha kwa kulivuta. Nifanye mazoezi gani? (Kijana, Dunga)

Zoezi la kwanza ni kumwomba mjomba astaafu. Heshima yake iko palepale, lakini kuna mshipa wa fahamu unaopita chini kidogo ya kifundo, na kuna wakati mfupa wenyewe huwa umevunjika pamoja na kuteguka. Ukivutwa bila eksirei, unaweza kuingia na bega lililoteguka ukatoka na mkono usioinuka. Kama sasa hivi una ganzi upande wa nje wa bega, pale polisi anapovaa cheo, usingoje kesho.

Kijana ambaye bega limeshatoka mara tatu litatoka ya nne, tena kwa sababu ndogo zaidi: kugeuka kitandani, kurusha shati begani. Nenda pale Russia, yaani hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, uonwe na watu wa mifupa. Huenda ukahitaji kufungiwa kifundo kwa upasuaji. Mpaka hapo, usivute wavu mkono ukiwa juu na nyuma ya sikio. Na usiogelee mbali na mtumbwi. Bega likitoka ukiwa kwenye maji ya kina, hutaweza kurudi.

Nilishonwa kano ya bega la kulia miezi miwili na nusu iliyopita. Daktari anasema naendelea vizuri. Nataka kurudi kwenye trauti kabla mwaka haujaisha. Nianze lini kurusha, na nianzeje? (Mwalimu, Eldoret)

Mwalimu, swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii, kwa hiyo nivumilie.

Kano iliyoshonwa hushikana na mfupa polepole mno. Majuma 6 ya kwanza uzi wa daktari ndio unaoshikilia kila kitu, ndiyo maana ulifungwa mkono kifuani. Kuanzia hapo hadi juma la 12 hivi, mkono unaruhusiwa kujiinua wenyewe lakini usibebe kitu. Baada ya juma la 12 ndipo tunaanza kutafuta nguvu. Wewe uko karibu na mlango huo, hujaingia. Kurusha mshipi kwa kawaida ni kuanzia mwezi wa nne au wa tano kwa mchaniko mdogo, na wa sita au zaidi kwa mkubwa. Daktari aliyekupasua ndiye aliyeona ukubwa wake, kwa hiyo yeye ndiye mwenye neno la mwisho.

Hatari iko hapa: maumivu huisha kabla kano haijakomaa. Mwezi wa tatu mtu anaamka hana maumivu, anaona ufito wa kuvulia umeegemea ukuta, anajiambia ajaribu kidogo tu. Nimewaona wakirudi meza ya upasuaji kwa njia hiyo.

Kwa sasa pangusa meza. Kaa, weka kitambaa chini ya kiganja, sukuma mbele mpaka kifua kiinamie meza, rudi. Halafu simama mbele ya ukuta, vidole vipande kama unavyofikia rafu, vishuke taratibu. Daktari akikuruhusu kuongeza nguvu, usitafute mipira ya mazoezi ya bei. Nunua blada, ile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda, ukatiwe kipande chembamba. Funga kwenye nondo za dirisha usawa wa kiwiko. Simama ubavu kwa dirisha, mkono mgonjwa ukiwa upande wa mbali, kiwiko kimekunjwa na kimebana taulo iliyokunjwa ubavuni. Vuta blada kwenda nje, kama unafungua mlango wa kabati, kisha rudi polepole zaidi ya ulivyoenda. Taulo ikidondoka, umedanganya. Kisha ugeukie dirisha, shika ncha zote mbili za blada, vuta viwiko nyuma mpaka mifupa ya mgongoni isogeleane. Zoezi hili la pili wavuvi hulidharau, nami nalipenda kuliko yote, kwa sababu bega likikosa msingi mgongoni kano hubeba peke yake.

Kipimo cha maumivu ni asubuhi ya kesho yake. Maumivu madogo wakati wa zoezi, tuseme 3 kwa 10, yakitulia usiku huo, endelea. Ukiamka na bega baya kuliko jana, punguza nusu.

Siku ya kurusha ikifika, mto usubiri. Nenda uwanja wa shule wanafunzi wakiwa wamekwenda nyumbani. Toa ndoana, funga kijiuzi cha sufu mwishoni, toa mshipi mfupi tu, robo au theluthi ya ule uliozoea. Dakika 5, halafu kunja ufito. Pumzika siku nzima kabla ya kurudia. Ongeza dakika kwanza, umbali baadaye. Ukimaliza nusu saa na kesho yake hujasikia kitu, nenda mtoni, lakini vulia ukingoni. Mawe ya mtoni yanateleza, na anguko moja litafuta kazi yote. Ukianza tena kuingia majini, shika fimbo ya kutembelea kwa mkono mwingine.

Sijaumia kwa ajali. Bega huanza kuuma baada ya saa mbili za kurusha, na usiku siwezi kulilalia. Marafiki wanasema ni uzee. Nina miaka 44. (Kitale)

Marafiki wako wakuache. Nahisi unarusha kwa bega.

Mwambie mmoja wao akupige video kwa simu kutoka ubavuni, mto ukiwa kushoto kwake. Afikirie uso wa saa ya ukutani nyuma yako. Ufito unapaswa kusimama ghafla nambari 1 nyuma, na nambari 10 mbele. Wengi huupeleka nyuma hadi nambari 3, mkono umenyooka juu ya sikio, halafu wanausukuma mbele kwa nguvu kufidia. Kiwiko kikipanda juu ya bega mara mamia kwa asubuhi moja, kano husagwa chini ya mfupa wa juu ya bega.

Shusha kiwiko kikae mbele ya mbavu, kipande na kushuka kidogo tu. Mshipi unakwenda kwa sababu ufito ulipinda na ukasimamishwa ghafla. Nguvu za mkono zaidi ya hapo zinapotea bure. Ukitumia ufito wa namba 7 au 8 (namba ni ya uzito wa mshipi) kwa trauti wa kijito, shuka hadi 4 au 5. Na pale miti inapobana, jifunze kuviringisha mshipi mbele bila kuupeleka nyuma: buruta ufito polepole hadi kando ya sikio, acha mshipi uning'inie nyuma ya kiwiko, kisha piga mbele kwa mkato. Bega linashukuru na nzi hakwami matawini.

Usiku lala chali, mto mdogo chini ya kiwiko. Majuma 6 ya blada kama nilivyomwelekeza mwalimu hapo juu. Yasipofua dafu, njoo uonwe.

Mimi siendi mtoni. Nafunga nzi bandia nyumbani, za kuuzwa ng'ambo. Nina miaka 52 na kisukari. Bega la kushoto limeanza kugoma, hata sidiria siwezi kufunga kwa nyuma. (Mama, Nakuru)

Mama, kazi yako wengi hawaijui: nzi nyingi zinazotumika kuvulia kwenye mito ya Ulaya na Marekani zimefungwa na mikono ya Wakenya.

Maelezo yako yanafanana na bega lililoganda. Mfuko unaozunguka kifundo hunenepa na kubana. Huwapata zaidi wanawake wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari zaidi ya wote. Kwanza linauma, kisha linakakamaa, kisha linalegea, na safari hiyo yaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Najua ni habari mbaya. Nzuri ni kwamba kwa wengi huisha.

Usikubali mtu alivute kwa nguvu. Oga maji ya moto, kisha pangusa meza, mara chache kila siku. Sindano ya steroidi husaidia mwanzoni, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwambie daktari kuhusu kisukari kabla hajakuchoma sindano. Na inua meza ya kazi mpaka viwiko vilale juu yake bila mabega kupanda.

Nimeze diclofenac nikienda kuvua, nisisikie maumivu? (Bungoma)

Hapana. Ukiyazima maumivu hutajua saa ya kukunja ufito. Na mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu asiimeze bila daktari.

Bega la kushoto huniuma nikipanda kutoka mtoni, likitulia nikikaa. Nikilibonyeza haliumi. Narusha mshipi kwa mkono wa kulia. (Miaka 58, Kapsabet)

Ndugu yangu, usinitafute mimi. Nenda leo ukapimwe moyo. Maumivu yanayokuja ukipanda mlima na kuondoka ukikaa, kwenye bega usilolitumia, si ya bega mpaka moyo uthibitishwe ni mzima. Yakija na jasho, kichefuchefu au kifua kubana, nenda dharura saa hiyohiyo, na usiendeshe gari mwenyewe.

Bega la kulia halitarudi kama zamani, daktari ameshasema. Nijifunze kurusha kwa kushoto? (Mumias)

Jifunze, na uanze wiki hii. Kurusha mshipi ni suala la wakati kuliko nguvu, na mkono wa kushoto hauna tabia mbaya za kusahau. Mkono wa kulia upewe kazi ya kuvuta mshipi uliolegea. Ni kazi ya chini, nyepesi, na itauzuia usikakamae. Shida itakuja trauti akidaka: utahamisha ufito kulia bila kufikiri. Kwa safari za kwanza nenda na mtu wa kushika wavu.