"Get round to" haina habari ya kuzunguka

Sheikh, huyo mgeni wako wa Nungwi aliyekwambia "I never got round to visiting Jozani" hakuuzunguka msitu wowote. Alikusudia kwenda, siku zikampita, hakwenda. Ukisikia "finally got round to", basi kiporo kimeliwa: jambo lililoahirishwa limefanywa hatimaye. Wamarekani hupenda "around", maana ileile.

Ila angalia kitenzi kinachofuata: "got round to painting", si "to paint". Hapo wengi tunateleza, maana skuli tumezoeshwa kwamba baada ya "to" kitenzi hukaa kitupu.

Ni lugha ya mazungumzo. Barua ya kuomba kazi usiitie. Na mkubwa wako akiulizia ripoti, tahadhari na "I haven't got round to it". Atafahamu kuwa hukuipa kipaumbele.