Vidonge vya Kichina vya baridi yabisi

Swali: Daktari, hujambo? Mama yangu ana baridi yabisi, vidole na magoti vimevimba. Jirani hapa Kondele amemuuzia vidonge vya Kichina kwenye kopo lisilo na maandishi tunayoyaelewa. Anasema vimefanyiwa utafiti na huondoa uvimbe. Mama amevimeza miezi miwili na kweli anatembea vizuri. Tuendelee? – Akinyi, Kisumu

Jibu: Sijambo, binti yangu. Muulize jirani: utafiti ulifanyiwa nani? Mitishamba mingi ya Kichina hupimwa kwanza kwenye seli za panya. Seli huchokozwa kwa sumu ya bakteria, huwekewa maji ya mmea, kisha huangaliwa kama kemikali za uvimbe zimepungua. Baadaye panya mzima hudungwa unyayoni karajini, kitu kinachotokana na mwani, na unyayo unaovimba hupimwa kila baada ya muda. Mimea mingi hufaulu hapo, hata manjano ya jikoni kwako. Goti la mama ni mtihani mwingine kabisa.

Upo mmea uliofikishwa kwa wagonjwa: lei gong teng. Mwaka 2014 madaktari wa China walichapisha matokeo ya wagonjwa 207 wa baridi yabisi waliofuatiliwa kwa wiki 24. Dawa ya mmea huo haikushindwa na methotreksati, dawa ya kawaida ya hospitali kwa ugonjwa huu, na waliopewa zote mbili walipata nafuu zaidi. Kazi nzuri, ingawa kila mgonjwa alijua anameza nini, na hilo huweza kupendelea matokeo. Ila mmea huohuo hukatiza hedhi, hudhoofisha mbegu za kiume na huweza kuumiza ini. Si wa kununua kwa jirani.

Lakini nafuu ya mama ndiyo inayonitia shaka. Katika nchi mbalimbali, maabara zimekuta dawa za hospitali, deksamethasoni (steroidi kali) au diklofenaki (ya maumivu), ndani ya vidonge vya viungo vilivyouzwa kama mitishamba mitupu. Deksamethasoni hutuliza goti upesi sana, huku sukari na presha zikipanda na uso ukijaa. Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka mingi. Mteja wa vidonge vya namna hii akija na mashavu yamejaa ghafla, huwa sisubiri anieleze.

Kwa hiyo usivitupe jalalani leo. Kama vina deksamethasoni, kuviacha ghafla baada ya miezi miwili kunaweza kumwangusha mama. Mpeleke kliniki kesho pamoja na kopo lenyewe, apimwe sukari, presha, ini na figo, na daktari ndiye aamue avipunguze vipi. Je, uso wake umebadilika?