Umeme wa raia ukigeuzwa shabaha: majibu kwa wasomaji

Kituo kimoja cha umeme kinahudumia hospitali na kambi ya jeshi. Je, kukishambulia ni halali?

Yawezekana, lakini si kwa sababu tu askari nao wanatumia umeme huo. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ambayo ndiyo sheria za kimataifa za vita, inataka katika Ibara ya 52 mambo mawili yathibitike kwa pamoja: kwamba kituo kinachangia ipasavyo shughuli za kijeshi, na kwamba kukiharibu kutaleta faida ya kijeshi iliyo bayana kwa wakati huo. Hata hayo yakitimia, madhara kwa raia hayaruhusiwi kuzidi kupita kiasi faida inayotarajiwa. Nami nasisitiza kwamba madhara hayo hayaishii kwenye mashine zilizoungua, kwani umeme ukikatika pampu za maji husimama, majitaka hufurika, na wagonjwa mahututi hubaki wakitegemea jenereta ambayo mafuta yake yana kikomo. Ndivyo ilivyokuwa Iraki baada ya mabomu ya Vita vya Ghuba vya mwaka 1991. Kamanda anayehesabu tu waliouawa na mlipuko amefanya nusu ya hesabu.

Urusi iliposhambulia umeme wa Ukraine ilidai kuwa inajibu shambulio la daraja linaloiunganisha na Crimea, rasi iliyoitwaa kutoka Ukraine. Kulipiza si haki yake?

La. Daraja lililipuliwa tarehe 8 Oktoba 2022, na siku mbili baadaye makombora yakaanza kupiga kwa wingi mitambo ya umeme ya Ukraine. Ibara hiyohiyo ya 52 inakataza kulipiza kisasi kwa kushambulia mali za kiraia, na nchi zote mbili zimeiridhia itifaki. Bibi wa Kharkiv, mji wa Ukraine, anayeishi ghorofa ya tisa, lifti imesimama na mabomba ya kupasha joto nyumba yamepoa, hakulipua daraja lolote.

Mabwawa je?

Ibara ya 56 inayalinda, pamoja na vinu vya umeme wa nyuklia, hata yakiwa shabaha za kijeshi, iwapo kuyapiga kutaachilia nguvu za hatari, kama mafuriko au mionzi, zitakazoangamiza raia wengi. Vighairi vyake ni vichache mno.

Kuna aliyeshtakiwa?

Mwaka 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kuwakamata Warusi wanne kwa mashambulizi dhidi ya umeme wa Ukraine: makamanda Sergei Kobylash na Viktor Sokolov mwezi Machi, kisha Sergei Shoigu, waziri wa ulinzi wakati wa mashambulizi hayo, na Valery Gerasimov, mkuu wa majeshi wakati huo, mwezi Juni. Bado ni tuhuma. Hata hivyo majaji waliona kuna sababu za kutosha kuamini kwamba, hata kwa mitambo iliyoweza kuhesabiwa kuwa shabaha za kijeshi, madhara yaliyotarajiwa kwa raia yalizidi waziwazi faida yoyote ya kijeshi.