Theluji juu ya paa: kaka apande au asipande?

SWALI: Asalaam aleikum. Kaka'ngu yuko Italia kaskazini, huko milimani, ndiye anayeangalia nyumba ya wageni. Juzi kanitumia video, theluji imejaa juu ya paa yafika magotini na tajiri wake ataka apande na beleshi akaitoe. Mimi najua theluji ni nyepesi kama pamba lakini roho haitulii. Apande?
Dada mtu, Maweni, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Asipande, mpigie leo leo umwambie. Nyepesi ni ile iliyoanguka sasa hivi, na hata hiyo ikifika magotini kila mita moja ya mraba ya paa yaweza kubeba kama kilo 50, yaani mfuko mzima wa simiti, na ikishakaa ikashikana au mvua ikainyeshea hapo ni mifuko mitatu minne pale pale, sasa piga hesabu ya paa zima halafu uongeze na mtu juu. Mwaka 2006 kule Katowice, Poland, paa la ukumbi wa maonyesho liliporomoka kwa uzito wa theluji na barafu, watu 65 wakafa, na lilikuwa jengo la chuma!

Kazi hiyo hufanywa umesimama chini. Kuna reki za theluji zenye mpini mrefu, avute kidogo kidogo kuanzia ukingoni, huku na huku sawa, asimalize upande mmoja akaacha wa pili umejaa maana paa likielemewa upande ndio hujipinda. Asikwangue mpaka kwenye vigae, abakishe kama vidole vinne. Asisimame itakapoangukia, na mpini wa alumini uwe mbali na nyaya za stima. Pasipofikika, tajiri aite mafundi wenye kamba na mikanda, hiyo ni gharama yake yeye si shingo ya kaka'ko.

Na ndani asikilize sana. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama, dari ikafanya nyufa, mbao zikalia, basi wageni wote nje, mizigo iachwe, ndio apige 112, nambari ya dharura ya huko.

Halafu lile bomba la hita linalotokea ukutani, theluji ikiliziba gesi ya sumu itokayo kwenye moto wa hita hurudi ndani na haina harufu, watu hulala wasiamke, kwa hivyo kila asubuhi azunguke nyumba alifukue.