Kabla hujakata tiketi ya kwenda kukatwa ngozi nje

Ukipungua kilo nyingi watu wanakupongeza, wanakuuliza siri, wanakwambia umerudi ujana, na wewe unacheka nao vizuri tu. Halafu unaingia bafuni unavua nguo. Tumbo limelala juu ya mapaja, ukipunga mkono kuaga mtu nyama ya mkono inaendelea kupunga hata wewe umeshaacha, mapaja yanasuguana mpaka yanachubuka, na chini ya lile kunjo la tumbo ni jasho na vipele na harufu ambayo unaiosha asubuhi mchana imerudi. Na bado atatokea mtu akwambie piga mazoezi itajivuta. Haijivuti. Ngozi ikishatanuka miaka na miaka zile nyuzi zake za ndani, kolajeni na elastini, zinakuwa zimeharibika, misuli utajenga na ni vizuri uijenge, ila ngozi iliyozidi inatoka kwa kisu tu. Mafuta ya kupaka usitupe hela yako.

Basi unaanza kuulizia bei, unakuta kwenu ni ghali au hakuna anayeifanya mara kwa mara, bima inasema huo ni urembo, unaingia mtandaoni unakutana na Uturuki, Thailand, India, Mexico, Brazil, pakeji kamili na hoteli ndani na gari la kukupokea uwanja wa ndege, na picha za kabla na baada mpaka unaanza kujiona wewe kwenye ile ya baada. Nilipita hapo hapo, nikaenda, nikafanyiwa, na mwili nilionao sasa naupenda, kwa hiyo sipo hapa kumtisha mtu. Ila wengi wanaoniandikia wananiuliza bei na hoteli, na hayo ndiyo mambo madogo kabisa. Operesheni yenyewe utakuwa nusu kaputi hujui kitu. Mahali unapachagua kwa kuangalia siku ya nane itakuwaje, na ya kumi na tano, na mwezi wa pili ukiwa umeshavuka mipaka umerudi kwako na kidonda kimeanza kutoa maji usiku wa Jumapili.

Tuanze na muda. Uzito wako uwe umetulia, hautelemki haupandi, angalau miezi 6, na kama ulipungua kwa operesheni ya mfuko wa chakula madaktari wengi wanataka mwaka 1 mpaka mwaka na nusu upite. Sio ubabaishaji. Ukikatwa leo halafu ukapungua kilo nyingine kumi na tano, ngozi inalegea tena na hela imeenda. Wengi pia wanapenda BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu wako, iwe chini ya 30 au imezidi kidogo, kwa hiyo ukikuta kliniki haijakuuliza uzito wala historia yako na tayari inakutumia namba ya akaunti, jua hao wanauza tu.

Halafu damu. Hapa naomba usiparuke maana ndipo watu wengi waliopungua sana wanapokwama. Kwa nje unaonekana mzima, umependeza, ndani madini ya chuma yako chini, B12 chini, folate, vitamini D, zinki, protini ndio usiseme, hasa kama ulifanyiwa baipasi, ile operesheni ya tumbo inayofanya chakula kiruke sehemu ya utumbo. Sasa fikiria unakwenda kukatwa kuzunguka kiuno chote, hilo kovu lote mwili ulifunge kwa kitu gani? Nenda kapime miezi kadhaa kabla, sio wiki ya safari, kwa sababu damu iliyopungua haipandi kwa siku tano, na ukifika kule wakakukuta na upungufu ama wanaahirisha ama, mbaya zaidi, wanaendelea. Protini watu wa lishe wanawapa waliofanyiwa operesheni ya tumbo lengo la gramu 60 mpaka 80 kwa siku, na kipindi cha kupona mara nyingi inapanda zaidi ya hapo, ongea na wako akupangie.

Sigara acha wiki 4 kabla na wiki 4 baada, kwa uchache. Na ukisikia sigara hesabu na vepu, shisha, na hata zile bandika za nikotini, maana kinachoua ngozi ni nikotini yenyewe kubana mishipa midogo ya damu, kingo za kidonda zinakosa damu zinageuka nyeusi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni mwambie daktari, vinaongeza damu kuganda. Na jipya la siku hizi: kama unachoma sindano za kupunguza uzito, semaglutide au tirzepatide, mtu wa nusu kaputi lazima ajue mapema kabla hujapanda ndege, maana zile dawa zinachelewesha tumbo kumwaga chakula, unaweza kufunga usiku kucha na bado tumboni kukawa na kitu kinachoweza kupanda mpaka kwenye mapafu ukiwa umelala. Usifiche kwa aibu ya kuambiwa ulitumia njia ya mkato, wao hawana habari na hayo.

Kuchagua daktari. Utakayeongea naye kwenye WhatsApp ni koodineta, mtu mchangamfu sana, anajibu saa sita usiku, anakuita dia. Huyo hakati mtu. Omba kuongea kwa video na daktari atakayeshika kisu, yeye mwenyewe, na kama haiwezekani mpaka ufike basi tafuta kwingine. Muulize picha za watu waliopungua sana, maana tumbo la mama aliyezaa watoto wawili na tumbo la mtu aliyepungua kilo sitini ni kazi mbili tofauti. Sisi mara nyingi ngozi imezidi kwa chini na kwa pembeni pia, ukikatwa mlalo peke yake unabaki na kiuno cha boksi, kwa hiyo kuna wanaohitaji mkato wa pili unaosimama kutoka kifuani kushuka, kovu linakuwa la T iliyopinduliwa. Wengine wanahitaji kuzungushwa kiuno kizima mpaka mgongoni. Daktari asipokugusia makovu yatakaa wapi, anakufichia.

Jina lake likague kwenye baraza la madaktari la nchi hiyo, na angalia kama ni mwanachama wa ISAPS, chama cha kimataifa cha wapasuaji wa urembo, ambao wana orodha yao ya wazi. Hospitali kuwa na ithibati ya JCI, shirika la kimataifa linalokagua ubora wa hospitali, ni jambo zuri, ila ile inapima hospitali, haipimi mkono wa mtu. Swali ambalo watu hawaulizi: ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, iko humo humo ndani au utapakiwa kwenye ambulensi? Na lingine, usiku wa kwanza nani anabaki na mimi? Wakikujibu hoteli ina nesi anayepita, hapana, rudisha simu mfukoni.

Sasa hii ya kufanya vyote kwa mpigo. Tumbo, mikono, mapaja, kifua, na mafuta yanyonywe kidogo, maana ndege ni moja na likizo ni moja, na pakeji inashuka bei ukiongeza eneo. Naelewa kabisa kishawishi chake, mimi mwenyewe nilipewa ofa hiyo. Lakini kila eneo linaongeza masaa mezani, na wapasuaji wengi makini hawapendi kuvuka kama masaa 6, kwa sababu damu inapotea, mwili unapoa, na hatari ya damu kuganda inapanda. CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, ilitoa ripoti mwaka 2024, ilihesabu Wamarekani 93 waliokufa baada ya operesheni za urembo Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022, na vile vifo walivyovichimba kwa undani vingi vilikuwa mafuta au damu iliyoganda kwenda kuziba mapafu, na wengi wao walifanyiwa zaidi ya kitu kimoja siku ile ile. Mimi nilichagua tumbo na kiuno kwanza, mikono ingoje. Koodineta alinuna kidogo, daktari alikubali haraka sana, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini.

Asubuhi ya operesheni wanakuchora. Unasimama wima umevua nguo, daktari amepiga magoti na kalamu nene ya zambarau anavuta ngozi kwa vidole, anabana, anaachia, anapima kushoto na kulia, anakwambia cheka, kohoa, inama. Ile michoro ndiyo ramani, kwa sababu ukishalala ngozi yote inamwagika pembeni hawezi tena kujua kati ni wapi. Hapo ndipo pa kuuliza swali la mwisho, usione haya. Nilimwomba kovu liwe chini vya kutosha lifichwe na nguo ya ndani, akanionyesha na kioo atakapopita, akahamisha mstari.

Ukiamka unakuta mirija. Hii hakuna anayeipiga picha. Ni mipira myembamba inatoka chini ya ngozi, kila mmoja una kichupa laini cha plastiki mwishoni ambacho ukikiminya kikabaki kimebonyea kinavuta maji yanayojikusanya pale ngozi ilipotenganishwa. Mara kadhaa kwa siku unafungua, unamimina kwenye kikombe cha vipimo, unaandika mililita, unaminya tena unafunga. Mwanzoni ni nyekundu nzito, baadaye inakuwa rangi ya waridi, mwisho kama njano hivi. Dada yangu ndiye alikuwa anaandika, maana mimi nilikuwa natembea nimeinama kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka, na kila nikipiga chafya namshika yeye. Mrija unatolewa ukishuka chini ya kama mililita 30 kwa siku, na huo mwili haujali tiketi yako ya kurudi ni lini. Kliniki inayokwambia wote tunawatoa siku ya tano, hiyo inafuata ratiba ya ndege. Ukitolewa mapema maji yanabaki ndani yanakuwa seroma, unaanza kuvutwa kwa sindano kila wiki, na nani atakuvuta ukiwa umesharudi?

Kwa hiyo chukua tiketi inayoweza kubadilishwa tarehe, hata kama ni ghali zaidi. CDC wanashauri usubiri angalau siku 10 baada ya operesheni ya kifua au tumbo kabla ya kupanda ndege, na kwa mtu aliyezungushwa kiuno mimi naona wiki mbili mpaka tatu ndiyo akili. Nenda na mtu, tena mtu anayeweza kukuosha bila kujisikia vibaya, sio rafiki wa kupiga picha. Utembee kuanzia siku ya kwanza hata kama ni mpaka chooni tu, soksi za kubana usivue, sindano za kuzuia damu kuganda kama umeandikiwa maliza dozi, na ndani ya ndege chukua kiti cha pembeni mwa njia uamke amke. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, au kifua kikachoma ukivuta hewa, hiyo ni emajensi saa hiyo hiyo, usianze kumtumia koodineta ujumbe.

Nyumbani sasa. Kabla hujaondoka tafuta daktari atakayekupokea ukirudi, ukamwambie wazi naenda kufanyiwa hiki, tarehe fulani narudi, utanitazama? Wengine watakataa. Afadhali ukataliwe ukiwa mzima. Kidonda changu kilifunguka kidogo pale mistari inapokutana, jambo la kawaida kabisa kwa sisi tuliopungua sana, na daktari wa kwanza niliyemwendea alitazama akaniuliza nani kakufanyia hii, akasita hata kugusa. Ndipo makaratasi yaliponisaidia kwa daktari wa pili: ripoti ya operesheni, walikata nini na uzito wake, dawa nilizopewa, nyuzi za aina gani, majibu ya maabara, vyote kwa lugha anayoisoma. Dai hivyo kabla hujalipa salio la mwisho, ukishaondoka wanapata kazi nyingi ghafla. Na kidonda kikianza kutoa vinundu au usaha wiki kadhaa baadaye na antibayotiki za kawaida hazifui dafu, mwambie daktari ulifanyiwa wapi. Miaka ya 2013 na 2014 kuna Wamarekani walirudi kutoka Jamhuri ya Dominika na Mycobacterium abscessus kwenye vidonda, bakteria ambaye vipimo vya kawaida vinaweza kumkosa, na matibabu yake ni miezi.

Hela ya akiba weka kabisa pembeni, usiiguse, inayotosha kukaa kule wiki mbili za ziada na kurekebishwa kitu. Bima nyingi za safari hazigusi madhara ya operesheni uliyoifuata mwenyewe, soma yale maandishi madogo. Kama akiba hiyo haipo, ngoja mwaka ujao, ngozi haiendi popote.

Kingine ni kichwa. Kuna siku, mara nyingi wiki ya kwanza au ya pili, utalia bila sababu, umevimba, umejaa michubuko, huwezi kunyooka, unajiuliza nilijitafutia nini. Inapita. Nguo ya kubana utaivaa kama wiki 6 na utaichukia. Kovu litakuwa jekundu na gumu miezi kadhaa, linaanza kufifia taratibu, linachukua mwaka na zaidi kutulia, jua usilipige. Na suruali mpya nunua baadaye sana, maana uvimbe unashuka ukilala unapanda ukisimama, na ile iliyokutosha asubuhi jioni haifungi.